Miaka miwili, maneno sita: tuliyokosea na yaliyotusaidia

BabaKimya (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, vuteni kiti.

Kijana wangu sasa ana miaka mitatu na nusu na anaongea hadi usingizini. Sikuwa na mpango wa kuandika haya. Ila juzi jirani kanifuata, binti yake katimiza miaka miwili na bado anaonyesha kwa kidole tu, na mdomo wangu ukaanza wenyewe: "Usijali, huyo atasema tu." Nikajikatiza. Sentensi hiyo hiyo ndiyo iliyotupotezea miezi minane.

Nianze na hesabu. Mtoto alipotimiza miaka miwili nilikaa na kalamu nikaandika maneno yake yote. Nikapata matatu: "baba", "ji" yaani maji, na "pia" yaani mpira. Mke wangu akaongeza "ena" (tena) na "tuu" (kiatu). La sita tulikuja kuongezewa baadaye na mtaalamu wa usemi, sisi hatukulihesabu kabisa: "vuuu", alilolitumia kwa kila chenye magurudumu. Alituambia neno si lazima litamkwe sawasawa. Mradi mtoto analitoa mwenyewe bila kuambiwa aige, na analitumia kwa kitu kile kile, hilo ni neno. Haya, sita. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mwenye miaka 2 awe na maneno kama 50, na awe ameanza kuyaunganisha mawili mawili: "maji tena", "baba nje". Asiyefika hapo hajaitwa mgonjwa. Anatakiwa aangaliwe, basi.

Sisi hatukumwangalia. Ukoo mzima ulikuwa na jibu. Wavulana huchelewa. Baba yake naye alichelewa. Ni kweli kwa wastani wasichana hutangulia, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, haiwezi kuziba pengo la maneno arobaini na nne.

Kosa la pili ni simu, nitalirudia huko chini maana najua mtalileta tu.

La tatu ndilo linaloniuma. Nilimgeuza mwanangu kuwa mtahiniwa. Mpira tuliuweka juu ya kabati makusudi. Anakuja, ananishika suruali, ananyoosha kidole. Mimi: "Unataka nini? Sema mpira. Sema. Mm-pii-ra. Ukisema nakupa." Anatazama mdomo wangu, anatazama kabati, anaanza kulia. Baada ya wiki mbili hivi hakuja tena kuniomba mpira. Alikuwa anaburuta kiti na kupanda mwenyewe. Mimi nikajisifu kwamba mtoto ana akili, kumbe kaamua tu kwamba huyu mzee hafai kuzungumza naye.

Kilichotuamsha ni mkwe wangu. Alikaa nasi siku tatu, na siku ya kuondoka akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki mpaka mara ya tatu. Kapimwe masikio." Nilikasirika kidogo. Mbona mlango ukigonga anashtuka? Mbona anacheza muziki ukiwashwa?

Tukaenda. Vipimo vyenyewe haviumi. Kimoja wanaingiza kifaa kama ncha ya kalamu sikioni, kinasukuma hewa kidogo kuangalia kama ngoma ya sikio inacheza. Kingine kinatoa mlio na kusubiri mwangwi kutoka sikio la ndani, wala mtoto hahitaji kujibu kitu, hata akilala ni sawa. Jibu: majimaji yamekaa nyuma ya ngoma, masikio yote mawili. Huo muziki na mlango alikuwa anavisikia. Asichokipata vizuri ni mazungumzo, hasa sauti nyepesi kama s na f, na ukiwa mbali ndiyo kabisa. Daktari alisema ni kama kusikiliza mtu ukiwa chini ya maji.

Hatukufanyiwa upasuaji. Mara nyingi majimaji haya hukauka yenyewe, kwa hiyo walitupa miezi mitatu ya kusubiri wakimwangalia, na yakakauka. Wapo ambao hayakauki, hao hupachikwa vijibomba vidogo kwenye ngoma.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaposimama. Masikio yamepona, mtoto atasema. Wetu hakusema. Alikuwa na mwaka mzima nyuma, na nyumbani alikuwa na baba mtahini.

Mtaalamu wa usemi siku ya kwanza alikaa sakafuni, akamwaga magari ya kuchezea, na hakusema neno. Dakika nzima. Nikajua tumeibiwa. Mtoto akasukuma gari, yule dada naye akasukuma gari. Mtoto akasema "vuuu", naye "vuuu". Mtoto akamgeukia, akamtazama usoni kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Dada akasema, "Vuuu! Gari." Akanyamaza tena.

Kazi ya nyumbani aliyonipa: jirekodi ukicheza na mtoto dakika tano, kisha hesabu maswali yako. Nikahesabu 41. Hii nini? Rangi gani? Analiaje huyu? Ngapi hizi? Na kati ya swali na swali sikumwacha hata sekunde mbili. Akasema tuanze na hilo tu. Punguza maswali, na ukishasema kitu kaa kimya, hesabu moyoni hadi kumi. Hadi kumi, jamani, jaribuni leo usiku muone ilivyo ndefu.

Siku ya nne nikiwa nimeshika mpira, nimefika nane kwenye kuhesabu, akasema "pia".

Niulizeni.

---

Mama_Mapacha

Nimesoma nikalia, kaka. Ile ya kuburuta kiti ni wanangu kabisa. Mimi ni mapacha, miaka miwili kasoro mwezi, wana lugha yao wanaelewana wenyewe. Wameniambia mapacha huchelewa. Nisubiri au?

Neno_Moja

Dada, habari. Mimi ndiyo kazi yangu, tiba ya usemi, mwaka wa kumi na moja huu. Mapacha kweli huchelewa kidogo kwa wastani, sababu wengine huzaliwa kabla ya wakati na pia mzazi mmoja anagawana muda wa wawili. Lakini wanapimwa kwa kipimo kile kile. Kapime masikio ya wote wawili, kila mmoja kivyake. Na ukiweza, pata dakika kumi za kila mmoja peke yake kwa siku, mwenzake akiwa na mtu mwingine. Wakiwa pamoja, mmoja huwa ndiye msemaji na mwingine anatikisa kichwa.

Naongeza kitu ambacho mleta uzi hakugusia. Kabla ya kuhesabu anachosema, angalia anachoelewa. Mwambie "lete kiatu" bila kutazama kiatu na bila kunyoosha mkono. Anayeelewa mengi, anaonyesha kidole, anakuvuta akuonyeshe ndege angani, huyo kwa kawaida tuna matumaini naye zaidi kuliko asiyesema na haelewi. Watu wanakazania mdomo, sisi tunaangalia macho na mikono kwanza.

Babu_wa_Kona

Vijana mnapenda kujitesa. Mimi mama yangu alisema nilianza kuongea na miaka minne. Leo nimestaafu na hawaninyamazishi. Zamani hapakuwa na mtaalamu wa usemi, watoto wote walisema. Mwacheni mtoto akue.

BabaKimya

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi kwamba wengi hufikia wenzao wenyewe, hilo hata madaktari wanalikubali. Tatizo, wakiwa na miaka miwili hakuna anayeweza kukuambia huyu atafikia na huyu hatafikia. Wanafanana. Mimi nilikuwa na uhakika wangu ni wa kundi lako, kumbe hasikii.

Babu_wa_Kona

Marahaba. Hapo kwenye masikio umenishika. Darasani kwetu palikuwa na mmoja tulimwita zuzu, alikaa nyuma miaka yote. Nakumbuka alikuwa anatazama sana midomo ya watu. Haya, pimeni.

Kipaza

Swali kwa Neno_Moja. Nyumbani tunazungumza lugha mbili, mimi yangu na mume yake. Nimeambiwa tuache moja maana tunamchanganya. Mama mkwe tangu asikie hivyo haniachi.

Neno_Moja

Msiache. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Anachofanya mtoto wa lugha mbili ni kugawa kapu: maneno ishirini huku, thelathini kule, na wewe ukihesabu kapu moja unaona amepungukiwa. Hesabu yote. Akijua "maji" kwa lugha yako na kwa lugha ya baba, hayo ni mawili. Kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja nako si dalili ya ugonjwa, wakubwa tunafanya kila siku.

Nimeona wazazi walioacha lugha waliyozaliwa nayo wakaanza kumsemesha mtoto kwa lugha wanayoibabaisha. Mtoto anapata maneno machache na mzazi anakuwa mpole kama mgeni. Msemeshe kwa lugha unayoweza kugombana nayo. Na kama kuna tatizo la kweli, litaonekana kwenye lugha zote mbili.

Mama mkwe mpe shikamoo zangu, mwambie tunamhitaji. Asimulie tu hadithi zake.

Fundi_Bomba

Nilidhani mtasema kuhusu ulimi. Wangu wameniambia kile kijishipa cha chini ya ulimi kimevuta, kikatwe ataongea.

Neno_Moja

Kinaweza kusumbua kunyonya, na kwa wachache kikaharibu matamshi ya sauti fulani. Lakini mtoto mwenye ulimi ulioshikwa bado atajaribu kusema, atasema vibaya. Hakimfanyi akose maneno. Ukikata kwa matumaini hayo utakuwa na mtoto yule yule asiyesema, na kidonda juu yake. Daktari akiangalia akasema kuna sababu nyingine ya kukikata, hiyo ni habari nyingine.

Fundi_Bomba

Asante. Basi swali la pili. Mimi nafika nyumbani saa moja jioni, mtoto analala saa mbili. Hayo ya kukaa sakafuni na magari nafanya saa ngapi?

BabaKimya

Fundi, nilikuwa hivyo hivyo. Tulitumia bafu. Mtoto yuko kwenye beseni, hana pa kukimbilia, uso wako na wake viko sawa, na kila siku mambo ni yale yale. Hiyo ndiyo faida yake. Maji. Mimina. Tena. Mimina. Nilikuwa namimina kikombe mgongoni, nasema "Moja… mbili…" halafu nanyamaza, kikombe kiko juu, namtazama. Wiki ya kwanza alikuwa anapiga maji kwa mikono. Wiki ya pili akafungua mdomo bila sauti. Halafu "tu!" Nikamimina hapo hapo, sikumwambia "sema tatu vizuri". Hicho ndicho kinachofanya kazi: neno lifungue mlango.

Nyimbo pia. Imba ule ule kila siku, kisha siku moja acha neno la mwisho. Kaa kimya. Usimsaidie.

Na jambo moja la lugha yetu. Vitenzi vyetu ni virefu, "nimekifungua", "tutauweka", mtoto anasikia treni inapita. Yule dada alitufundisha kutoa kiini kwanza kisha sentensi: "Fungua. Tumefungua. Fungua!" Si kumsemesha kitoto. Kijana alidaka "fungua", "vuta" na "toa" kabla ya nusu ya majina ya vitu. Ukifikiria inaeleweka, jina la kabati halimpi kitu, ila "fungua" inampa vilivyomo.

Akisema "pia" unarudisha "mpira", au "mpira mkubwa". Ongeza neno moja tu. Usimsahihishe, mrudishie.

Kipaza

Na simu? Uliahidi.

BabaKimya

Ndiyo. Wetu alikuwa anaimba rangi zote kwa lugha ya video, kwa sauti safi kabisa, na hawezi kuomba maji. Tukawa tunawaonyesha wageni. Najua kuna watu watasema simu ndiyo iliyomnyamazisha. Kwetu masikio ndiyo yalikuwa chanzo, ila simu ilikula saa ambazo angekuwa na mtu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: chini ya miaka 2 wasiwekewe skrini za kutazama wakiwa wamekaa, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora.

Neno_Moja

Kuna jaribio nalipenda kuwasimulia wazazi. 2003 huko Marekani, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina cha Mandarin kwa vikao 12. Kundi moja walicheza na mtu aliye mbele yao. Wengine waliona watu hao hao wakisema mambo ya aina hiyo hiyo kwenye televisheni, au wakasikia sauti tu. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Mandarin. Wa televisheni walikuwa sawa na ambao hawakuisikia kabisa. Skrini haimsubiri mtoto, na haijui kama kaangalia pembeni.

Simu ya video na bibi ni tofauti, bibi anajibu.

Saa_Tisa_Usiku

Samahani naingia nimechelewa. Nimesoma wote. Wangu si kama wenu. Alikuwa na maneno kama kumi akiwa na mwaka na miezi minne. "Mama", "taa", "pusi", alikuwa anapunga mkono. Sasa ana mwaka na miezi tisa na hayapo. Yamekwenda moja moja, "taa" ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikimwita hageuki. Hanionyeshi kitu kwa kidole, ananishika mkono anaupeleka kwenye kitu kama ni koleo. Anaweza kuzungusha gurudumu la gari nusu saa. Kila mtu ananiambia nina wasiwasi wa uzazi wa kwanza.

Neno_Moja

Mama, umeandika vizuri sana na umeona sawasawa. Nakuambia wazi kwa sababu ungekuwa dada yangu ningekuambia hivyo: usisubiri. Mtoto kupoteza maneno aliyokuwa nayo, katika umri wowote, ni la kuonwa na daktari wa watoto sasa, wala si la "tuone akifika miaka miwili". Mweleze hivyo hivyo ulivyoandika hapa, kwamba alikuwa nayo yakaenda, hageuki, haonyeshi kidole. Omba masikio yapimwe na omba aangaliwe kwa usonji. Kuna dodoso la maswali wanalotumia kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, mzazi ndiye anayejibu, ni dakika chache. Jibu lake si hukumu, linasema tu kama tuendelee kumchunguza.

Ukiweza, mrekodi klipu fupi tatu: ukimwita, akicheza, akitaka kitu. Akifika hospitali anaweza kubadilika, na daktari ana dakika kumi na tano.

Na hukusababisha. Hata simu haikusababisha hili. Wakati unasubiri miadi, yale ya kushuka chini, kumwiga anachofanya, kusubiri, yote anza leo. Hayamdhuru mtoto yeyote.

Kwa wengine wanaosoma kimya kimya, nayaweka mengine ya kutosubiri: mwaka mmoja na hapungi mkono wala haonyeshi, mwaka na nusu bila neno hata moja, miaka mitatu na watu wa nje bado mara nyingi hawamwelewi.

Mama_Mapacha

Na kumfundisha ishara za mikono? Nimesoma ukimfundisha atazoea uvivu wa kusema.

Neno_Moja

Haimzuii. Ishara inampa njia ya kuomba wakati mdomo haujawa tayari, na wewe unasema neno kila unapoonyesha. Ikija sauti ishara huanguka yenyewe. Mtoto haachi njia nyepesi akashika ngumu, na kusema ndiko kwepesi.

Babu_wa_Kona

Mjukuu wangu nilimwita jana akiwa kanipa mgongo. Kageuka mara ya kwanza. Nimelala vizuri.

---

BabaKimya (baada ya wiki tano)

Nimerudi. Binti wa jirani kapimwa, masikio mazima kabisa, ameanza na mtaalamu. Baba yake kajirekodi. Maswali 52. Nimefarijika sana, rekodi yangu imevunjwa.

Fundi, umeishia wapi na beseni?

Fundi_Bomba

"Ena." Bafu limejaa maji, mke amekasirika, lakini "ena".

Saa_Tisa_Usiku

Tumeonwa. Masikio ni mazima. Dodoso limetupeleka mbele, tuna tarehe ya uchunguzi kamili mwezi ujao, na mtaalamu wa usemi amekubali kuanza bila kusubiri jina la tatizo. Yale niliyoyaandika hapa saa tisa usiku niliyasoma kwa daktari kama yalivyo, nikiwa natetemeka. Hakuniambia nina wasiwasi.

Jioni ya leo alinishika mkono akaupeleka kwenye kitasa cha mlango. Nikauacha mkono pale bila kufungua, nikachuchumaa uso wangu ukawa sawa na wake, nikahesabu. Hakusema. Kwenye saba aliacha kutazama kitasa, akanitazama mimi. Sekunde moja hivi. Nikasema "fungua", nikafungua.